Pale Simu Isiposhika: Ujumbe wa Setilaiti Katika Nchi ya Meru na Embu

Barabara ya lami kutoka Embu hadi Meru hupita Runyenjes, Chuka na Nkubu, na katika sehemu kubwa ya safari hiyo simu hushika bila taabu. Minara imesimama karibu na masoko, shule na viwanda vya chai, kwa sababu kampuni za simu hujenga pale penye wateja. Hali hubadilika msafiri akiiacha lami. Akipanda magharibi kuelekea Mlima Kenya, hupita mashamba ya kahawa, kisha ya chai, kisha ukanda wa chai wa Nyayo uliopandwa mpakani mwa msitu kuanzia miaka ya 1980, na ndani ya msitu wenyewe netiweki huanza kukatika. Akiteremka mashariki, kwenye nchi kavu ya Mbeere, Tharaka na Igembe, nyumba huachana kwa kilomita kadhaa na minara huachana zaidi. Mbele ya hapo iko Mbuga ya Kitaifa ya Meru, yenye kilomita za mraba 870 hivi za nyika, mito na vichaka, ambako gari likizama matopeni dereva anaweza kukaa saa nyingi asimpate wa kumsikia.

Takwimu za mawasiliano nchini Kenya huonyesha kwamba watu walio wengi sana wanaishi mahali penye netiweki. Takwimu hizo huhesabu watu, hazihesabu ardhi. Mchungaji wa mbuzi wa Mbeere, mrina asali wa msituni, askari wa wanyamapori, mpagazi wa mlimani na mtalii hufanya shughuli zao kwenye ardhi ambayo hesabu hiyo imeiacha nje. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ina hazina maalumu ya kugharamia minara katika kata ndogo zisizo na huduma, na hazina hiyo imefikisha simu vijijini ambako kampuni zisingekwenda zenyewe. Hata hivyo, hakuna atakayejenga mnara katika kila bonde la mlima usiokaliwa na watu.

Umbo la nchi nalo linachangia. Mawimbi ya simu husafiri kwa kunyooka, na mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya umekatwakatwa na mito: Thuchi, Nithi, Mutonga na mingineyo, kila mmoja ukiwa umechimba korongo lake. Mtu aliye juu ya mgongo wa kilima huweza kuona taa za Chuka na simu yake ikashika vizuri, ilhali aliye mita 200 chini yake, kando ya maji, hana hata alama moja ya netiweki. Ndiyo sababu waongozaji wa mlimani hukariri mahali pa kupigia simu: mwamba fulani, kona fulani, kituta fulani. Kwenye kilele cha Lenana, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari, simu mara nyingi hushika, kwa kuwa hapo hakuna cha kuyazuia mawimbi. Katika bonde la Gorges, kwenye njia ya Chogoria, kuta za mawe hufunga pande zote.

Kabla ya setilaiti, habari ya ajali ilisafiri kwa miguu. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Septemba 1970, wakati daktari kijana kutoka Austria, Gert Judmaier, alipoanguka karibu na kilele cha Batian, chenye mita 5,199, akavunjika mguu vibaya. Mwenzake, Oswald Oelz, ambaye naye alikuwa daktari, alilazimika kumwacha peke yake juu ya mwamba na kuteremka kutafuta msaada. Waokoaji walipanda, helikopta ikaletwa, ikaanguka, na rubani wake, Mmarekani Jim Hastings, akafariki. Hatimaye kikosi cha waokoaji kilisafiri kutoka Innsbruck na kumshusha Judmaier akiwa hai, baada ya zaidi ya wiki moja. Oelz baadaye alikuja kuwa mmoja wa madaktari mashuhuri wa magonjwa ya milima mirefu.

Tukio hilo lina mafunzo mawili, na yote mawili yanahusu mawasiliano ya leo. La kwanza ni kwamba habari ilichelewa kwa sababu ilibidi ibebwe na mtu. Hapo setilaiti imeleta mageuzi makubwa: mahali palepale, ujumbe leo ungefika baada ya dakika chache. La pili ni kwamba hata baada ya habari kufika, kazi ya kumshusha majeruhi ilihitaji watu, kamba, machela na siku kadhaa. Katika hilo setilaiti haijabadilisha lolote.

Nchi za chini nazo zilikuwa na njia yake. Shirika la madaktari wa ndege lililoanzishwa Nairobi mwaka 1957, linalojulikana leo kama AMREF, lilijenga mtandao wa redio za masafa marefu uliounganisha hospitali za misheni na zahanati za mbali, na kwa miongo mingi redio hizo ndizo zilizoita ndege ya kumchukua mgonjwa. Askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, wanatumia redio za mkononi mpaka sasa, mlimani na mbugani. Redio hizo ni imara na hazina ada ya mwezi, lakini huwaunganisha wenye redio peke yao. Mpagazi au mkulima wa kawaida hana.

Setilaiti za mawasiliano ni za aina mbili kuu. Aina ya kwanza hukaa mbali sana, kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, na huzunguka kwa mwendo uleule wa dunia, hivyo kwa aliye chini huonekana kama zimesimama mahali pamoja. Simu za Inmarsat na za Thuraya, kampuni ya Umoja wa Falme za Kiarabu, hutegemea setilaiti za namna hii. Katika nchi za kaskazini, mbali na ikweta, setilaiti hizo huonekana chini karibu na upeo wa macho, na kilima kimoja hutosha kuziziba. Meru na Embu ziko kwenye ikweta au jirani nayo, na setilaiti zinazohudumia Uarabuni na Bahari Hindi huwa juu sana angani, zimeelemea mashariki. Hiyo ni bahati ya kijiografia: hata aliye bondeni huweza kuzipata, mradi upande wa mashariki uko wazi.

Aina ya pili huruka chini zaidi na kwenda mbio. Mfumo wa Iridium, ulioanza kazi mwaka 1998, una setilaiti 66 zinazozunguka kilomita 780 hivi juu ya ardhi, na hupitishiana ujumbe zenyewe kwa zenyewe mpaka upatikane mahali pa kuuteremshia. Kila setilaiti huonekana kwa dakika chache tu kisha huzama, na nyingine huchukua zamu. Kwa hiyo ujumbe hauondoki papo hapo kila mara. Chini ya mianzi minene ya Mlima Kenya, au kwenye korongo jembamba, kifaa huweza kungoja dakika 10, 20 au zaidi kabla ya kupata nafasi ya anga. Asiyejua hilo hudhani kifaa kimeharibika, akakizima na kukiwasha tena na tena, na kwa kufanya hivyo huurudisha ujumbe mwanzo. Linalotakiwa ni kukiweka mahali pa wazi, antena ikitazama juu, na kukiacha kifanye kazi.

Vifaa vyenyewe vinatofautiana kwa kazi na kwa gharama. Kipo kinara cha dharura, kifaa kidogo chenye kazi moja tu: kikifunguliwa hutuma wito wa kuokolewa kwa masafa ya megahezi 406 kwenda kwenye mfumo wa kimataifa wa Cospas-Sarsat. Mfumo huo ulitokana na makubaliano ya mwaka 1979 kati ya Marekani, Kanada, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti, na setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1982. Ndege na meli hubeba vinara vya aina hiyo. Kinara hakina ada ya mwezi na betri yake hukaa miaka, lakini lazima kiandikishwe kwa jina la mwenyewe, na hakiwezi kueleza kilichotokea. Wanaopokea hujua kwamba kuna mtu hatarini na yuko wapi, basi.

Kipo pia kifaa cha kutuma na kupokea ujumbe mfupi, mfano inReach ya Garmin inayotumia setilaiti za Iridium. Hicho huandika ujumbe wa kawaida kwa ndugu au kwa ofisi, hupokea majibu, huonyesha njia aliyopita mwenyewe, na kina kitufe cha dharura. Bei yake ni makumi ya maelfu ya shilingi, juu yake ada ya huduma. Simu kamili ya setilaiti huruhusu mazungumzo, lakini hugharimu zaidi na hula betri haraka. Na kuanzia mwaka 2022 baadhi ya simu za kawaida zimetengenezwa ziweze kutuma wito wa dharura moja kwa moja kwa setilaiti. Hapo tahadhari inahitajika. Huduma hiyo hufunguliwa nchi kwa nchi. Kuwa na simu yenye uwezo huo si sawa na kuwa na huduma, na hilo linapaswa kuhakikishwa kabla ya safari, simu ikiwa bado inashika.

Intaneti ya Starlink, iliyoanza kuuzwa Kenya mwezi Julai 2023, ni kitu kingine. Sahani yake hufungwa juu ya paa la shule, zahanati au kambi ya wageni, huhitaji umeme, na huwapa waliopo hapo intaneti ya kutosha hata kwa simu ya WhatsApp. Kambi isiyo na mnara jirani huweza kwa njia hiyo kuwa kituo cha kupokelea habari. Aliye kilomita tatu kutoka kwenye sahani hafaidiki nayo. Mwezi Mei 2025 Airtel Africa ilitangaza makubaliano na SpaceX, wamiliki wa Starlink, jambo linaloonyesha kwamba kampuni za simu na za setilaiti zimeanza kuvuta pamoja katika eneo hili.

Kifaa chochote kitakachotumika, thamani yake hutegemea ujumbe unaoandikwa. Ujumbe mmoja huwa na nafasi ya herufi 160 hivi, na aliyepatwa na ajali huandika vidole vikiwa vimeganda kwa baridi na moyo ukiwa juu. Ujumbe wa "Tusaidieni haraka tuko hatarini" hauwaambii waokoaji kitu. Ujumbe unaosaidia ni kama huu: "Mtu 1 kavunjika mguu kulia, ana fahamu. Tuko 4, tuna hema na chakula siku 1. Hatuwezi kumbeba. Ukungu. Tunahitaji machela na wabebaji." Huo haujajaza nafasi 160, na ndani yake mna hali ya mgonjwa, idadi ya watu, muda wanaoweza kuvumilia, hali ya hewa na msaada unaotakiwa. Anayeupokea anajua kwamba helikopta huenda isiweze kutua, na kwamba wabebaji waanze kupanda sasa.

Mahali nako kuna mtego wake, hasa katika nchi hii. Ikweta hukatiza kaunti ya Meru. Anayetoka Embu kwenda Meru mjini huivuka karibu na mwisho wa safari. Mji wa Meru na lango la Murera la mbuga viko kaskazini ya mstari huo, kilele cha Mlima Kenya na nchi yote ya Embu viko kusini. Vifaa vingi huonyesha kusini kwa alama ndogo ya kutoa mbele ya namba. Kilele kiko takriban nyuzi 0.15 kusini. Mtu akiinakili namba hiyo kwa mkono na kuisahau alama ya kutoa, huwapeleka waokoaji nyuzi 0.15 kaskazini, yaani kilomita 33 kutoka alipo majeruhi, kwenye nyanda za malisho kupita Timau. Mtego wa pili ni wa dakika na desimali. Nyuzi 0 na dakika 9 ndiyo ileile 0.15; mtu akiisoma kama 0.09, kosa ni la karibu kilomita 7, na mlimani kilomita 7 ni safari ya kutwa. Dawa ni kuongeza jina la mahali kila mara: kambi ya Shipton, ziwa Ellis, lango la Sirimon, daraja fulani la mto Rojewero. Namba na jina vikigongana, mpokeaji atauliza.

Ni vyema pia kufahamu kwamba simu ya kawaida hujua mahali ilipo hata bila netiweki, kwa kuwa kipokezi chake cha GPS husikiliza setilaiti nyingine kabisa, ambazo hazihitaji mnara. Mtu anaweza kusoma namba za mahali alipo, akaziandika kwenye karatasi na kumkabidhi mwenzake anayeteremka kutafuta msaada. Na palipo na alama moja dhaifu ya netiweki, ujumbe mfupi huweza kupita pale ambapo mazungumzo yanakatika.

Baada ya ujumbe kuondoka, safari yake huwa ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Kitufe cha dharura cha inReach, kwa mfano, kikibonyezwa juu ya Chogoria, wito hufika kwenye kituo cha uokoaji cha kampuni kilichoko Texas, Marekani. Mhudumu wa huko hujibu kwa maandishi, kisha hutafuta mamlaka za nchi husika na hupiga simu kwa watu ambao mwenye kifaa aliwaandikisha. Mtu huyo aliyeandikishwa ndiye kiungo kikubwa. Akiwa ni ndugu aliye Embu mjini, anayejua kwamba safari ilianzia lango gani, kwa njia gani, na mwongozaji gani, na itakwisha siku gani, atawapa waokoaji kwa dakika moja habari ambayo wangeitafuta kwa saa tatu. Akiwa hajui kitu, au simu yake imezimwa, ujumbe uliosafiri kupitia anga hukwama sebuleni.

Waokoaji wenyewe wako karibu zaidi ya Texas. Mlimani na mbugani mwenye dhamana ni KWS, ambao huandikisha wageni malangoni na wana askari waliofunzwa uokoaji wa mlimani. Msituni kuna walinzi wa misitu. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupokea wito wa dharura kwa namba 1199, na polisi kwa 999 au 112. Ndege za AMREF huchukua wagonjwa mahututi kutoka viwanja vidogo. Hospitali ziko Meru, Embu, Nkubu na Chogoria, hii ya mwisho ikiwa imeanzishwa na wamisionari wa Scotland mwaka 1922. Namba za lango husika na za ofisi ya mbuga zinapaswa kuwa kwenye kifaa kabla ya kuondoka, kwa sababu ujumbe ulioandikwa kwa Kiswahili kwenda moja kwa moja langoni huweza kuwafikia wabebaji kabla ya ule unaozunguka ng'ambo.

Helikopta huja akilini kwanza, na mara nyingi si jibu. Kwenye mita 4,500 na zaidi hewa ni nyepesi, na helikopta nyingi hupoteza nguvu ya kujishikilia angani. Ukungu hufunika mlima asubuhi ikiendelea na huweza kukaa hadi jioni. Mwezi Agosti 2012 helikopta tatu za kijeshi za Uganda, zilizokuwa zikielekea Somalia, zilianguka kwenye mlima huohuo. Kwa hiyo mara nyingi majeruhi hushushwa kwa machela, kwa mabega ya watu wanaopokezana. Anayetuma ujumbe mapema, mgonjwa akiwa bado anatembea, humwondolea kila mtu mzigo huo. Hilo ni muhimu hasa kwa ugonjwa wa mlimani: mapafu au ubongo kujaa maji. Mlima Kenya hupandwa kwa siku chache, mwili usipate muda wa kuzoea, na dawa ya kwanza ni kuteremka mara moja bila kungoja jibu la mtu.

Maandalizi ya kawaida ndiyo yanayofanya vyote hivi vifanye kazi. Kifaa kijaribiwe nyumbani kwa kutuma ujumbe na kupokea jibu. Ada ya huduma ihakikishwe kwamba haijaisha. Betri ziwekwe ndani ya nguo karibu na mwili usiku, kwa sababu baridi ya mlimani huzinyonya. Pawe na saa maalumu ya kutoa habari, kwa mfano saa kumi na mbili jioni kila siku, na pawe na mapatano ya nini kifanyike ikipita bila habari: muda wa kungoja, na nani apigiwe. Mapatano hayo huokoa hata pale kifaa kinapopotea au mwenyewe anapokosa fahamu, kwa kuwa kimya chenyewe kinakuwa taarifa. Kifaa kibebwe na mtu, kisifungwe ndani ya mzigo unaotangulia na wapagazi, na watu wawili angalau katika kundi wajue kukitumia.

Hapo ndipo linapokuja suala la haki. Mara nyingi kifaa hicho humilikiwa na mgeni anayelipa, na hukaa mfukoni mwake. Wapagazi hutangulia au hubaki nyuma, wakiwa na nguo hafifu zaidi na mizigo mizito zaidi, na wakiugua huko njiani hawana cha kutumia. Vivyo hivyo kwa mlinzi wa msitu anayepiga doria peke yake, na kwa wachungaji wa Mbeere wanaofuata malisho wakati wa kiangazi. Hao ndio wanaoingia maeneo hayo kila wiki, mwaka hadi mwaka, na hatari yao ni kubwa kuliko ya mtu anayepita mara moja maishani.

Gharama inaweza kugawanywa. Kifaa kimoja hakihitaji kuwa cha mtu mmoja. Ushirika wa waongozaji na wapagazi, chama cha jamii cha kutunza msitu, au kikundi cha wafugaji kinaweza kununua kimoja au viwili, kikavitunza ofisini na kuvitoa kwa zamu kwa kila kundi linaloondoka, ada ikichangwa kwa kila safari. Kwenye malango, KWS wanaweza kukodisha vifaa kama vile mahema yanavyokodishwa na wafanyabiashara wa mlimani. Kaunti zinaweza kuhakikisha kwamba kila kituo cha dharura kina mtu anayejua kusoma namba za mahali na kutofautisha kusini na kaskazini ya ikweta. Vifaa vyote vya redio vinavyoletwa viwe vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano, ili visizuiliwe forodhani au kukosa huduma.

Setilaiti imeondoa sababu ya mtu kufia bondeni kwa kukosa wa kumsikia. Kilichobaki kiko mikononi mwa walio chini: ujumbe ulioandikwa vizuri, mahali palipotajwa sawasawa, ndugu anayejua ratiba, lango lenye mtu wa zamu, na wabebaji walio tayari na machela. Kaunti, KWS na vyama vya wapagazi vikiliweka hilo katika mipango ya kila mwaka, kifaa kimoja kidogo kitawatosha watu wengi.